Matango ya chumvi na dili: chupa moja imekubali, nyingine imeoza. Nimekosea wapi?

#1 JikoLaShangani (14 Machi, saa 2:10 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, napika kwenye nyumba ndogo ya wageni huku Shangani. Vyumba sita, jiko moja, mpishi mimi, mwosha vyombo mimi.

Mwezi wa kwanza tulipata mgeni Mpolandi aliyekuja na mambo ya gesi, akakaa wiki tatu. Kila jioni ananunua matango, anayala na chumvi, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Siku moja nikamuuliza kulikoni. Akanieleza kuwa kwao matango madogo yanalazwa kwenye maji ya chumvi pamoja na kitunguu saumu na dili (jani la kiungo lenye harufu), bila siki hata tone, yanachachuka yenyewe mpaka yanakuwa makali. Kabla hajaondoka akaniandikia vipimo kwenye karatasi na kuniachia pakiti ya mbegu za dili. Nikazipanda kwenye ndoo iliyopasuka nyuma ya jiko, zikaota vizuri ajabu, na sasa zimetoa maua ya manjano kama miavuli.

Wiki mbili zilizopita nikajaribu. Chupa mbili za kioo, kila moja lita tatu. Maji nilichemsha sufuria moja, chumvi gramu 50 kwa kila lita, nikaacha yapoe kabisa. Matango ya fungu moja, saumu, dili, pilipili mtama. Nikakandamiza yasielee, nikafunika na kitambaa, nikaziweka zote meza moja, mbali na jiko.

Chupa ya kwanza: siku ya tano matango yamebadilika rangi kutoka kijani kibichi kuwa kama zeituni, maji meupe kama ya kuoshea mchele, ladha kali safi, harufu ya dili. Yamelainika kidogo ila yanalika. Nimeyamaliza mwenyewe.

Chupa ya pili: siku ya tano hayana ukali wowote. Siku ya tisa povu bado linapanda, juu kuna utando, tango ukilibonyeza linafumuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na harufu ni ya mfereji. Leo nimeifungua nje, paka akaondoka.

Maji yale yale, matango yale yale, meza ile ile. Naombeni msaada, natanguliza shukrani.

#2 Kusi (saa 2:14 usiku)

Nimeona "dili" kwenye kichwa cha uzi nimekuja mbio nikijua kuna hela. Kumbe matango. Haya, nimeshakaa, siondoki.

#3 Bibi wa Mikindani (saa 2:40 usiku)

Marahaba, kwa wote msionisalimia.

Mwanangu, kuchachuka na kuchacha ni ndugu wa tumbo moja, mlango mmoja. Usipomwangalia wa kwanza anaingia wa pili. Sisi embe bichi tunalikata na kokwa lake changa, tunalipaka chumvi na manjano, tunalianika jua la siku mbili tatu likakunjamana, ndipo pilipili, ndipo mafuta. Maji yote yameshatoka, uozo utaingilia wapi? Sasa wewe umechukua tango, ambalo lenyewe ni maji, ukalitia kwenye maji, na Machi hii ya Mtwara. Chumvi uliipima au uliikadiria?

#4 JikoLaShangani (saa 2:47 usiku)

Shikamoo bibi, nisamehe. Niliipima kwa mizani ya duka la jirani, gramu 300, nikaigawa kwenye lita sita. Sufuria moja kwa chupa zote mbili, kwa hiyo chumvi ni sawasawa.

#5 Mkulima wa Ng'apa (saa 3:05 usiku)

Niko Lindi, nalima bustani bondeni, matango nayajua. Maswali mawili. La kwanza, ukubwa. Haya ya sokoni yanavunwa yakiwa makubwa ili yajaze fungu, mbegu zimeshakomaa, katikati pana uwazi. Ya kulaza kwenye chumvi yavunwe madogo, urefu wa kidole cha kati, ngozi bado ina vichunusi. Kwangu ukitoa oda nakuvunia asubuhi, jioni yapo Mtwara kwa basi.

La pili, ulikata kitako? Sisemi upande wa kikonyo. Nasema upande wa pili, kwenye kale kakovu ua lilipodondokea. Hapo pana vimeng'enya vinavyolainisha tango lote likiwa ndani ya maji. Kata kipande chembamba, milimita mbili tatu zinatosha. Ukisahau, unapata uji.

#6 JikoLaShangani (saa 3:11 usiku)

Kitako sikukata. Hilo sikuandikiwa, nadhani kwao hata mtoto analijua. Lakini kaka, sikukata kwenye chupa zote mbili.

#7 Dokta Chachu (saa 3:30 usiku)

Si daktari wa sindano, nilisomea chakula na lishe. Niseme la joto, kwa sababu ndilo adui wenu huko.

Wanaochachua tango ni bakteria ambao tayari wako kwenye ngozi yake, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Chumvi kazi yake ni kama bawabu: inawazuia waozeshaji, hawa inawaruhusu. Wanakula sukari ya tango na kutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ndiyo ukali unaousikia na ndiyo inayohifadhi. Maelekezo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanataka nyuzi 21 hadi 24, wiki tatu mpaka nne. Ikizidi 27 wanakuonya kwamba matango yatalainika mno. Jikoni kwako Machi saa nane mchana hapapungui 30. Kwa hiyo kwako kazi ya wiki tatu inakwisha siku nne au tano, kisha unakimbizia jokofuni. Ukingoja wiki tatu za kwenye karatasi umeumia.

Ila nakubali, joto lilikuwa la chupa zote mbili. Bado natafuta.

#8 Ntu wa Newala (saa 3:42 usiku)

Nnaona mnateseka bure huko chini. Njooni Newala. Mwezi wa saba asubuhi huku ntu anaota moto na sweta juu. Hayo matango yatadhani yako kwao Poland.

#9 Kusi (saa 3:44 usiku)

Na maji ya kuyalowekea mtayatoa wapi, Newala? 😂

#10 Ntu wa Newala (saa 3:45 usiku)

Hilo umenipiga chini ya mkanda.

#11 Dar Siyo Mbali (saa 4:02 usiku)

Kwa wanaoulizia dili: Dar inapatikana, wauza mboga wa soko la Kisutu wanayo, ukisema "suva" wanakuelewa haraka maana Wahindi ndivyo wanavyoiita. Angalieni msiuziwe shamari. Majani yanafanana, yote ni nyuzinyuzi, lakini shamari ina harufu tamu kama ya pipi ya kikohozi. Paka jani kwenye vidole, unuse kabla ya kulipa.

Dada wa Shangani, hongera kuotesha. Ukipanda tena mwaga mbegu pale pale unapotaka ikae, haipendi kuhamishwa. Joto linaifanya iwahi kutoa maua, watu wa saladi wanalalamika, wewe shangilia, maana kwenye matango ule mwavuli wenye mbegu changa una harufu kuliko majani.

#12 Kusi (15 Machi, saa 1:20 asubuhi)

Swali la kweli sasa, msinicheke. Tuna bahari mlangoni. Kwa nini tununue chumvi, tuchemshe maji, tuchanganye, wakati Mungu ameshachanganya? Si unachota tu pale feri?

#13 Mvuna Chumvi (saa 1:55 asubuhi)

Nimecheka, ila swali si baya. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi miaka mingi, acha nijibu.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Dada kaandikiwa 50. Kwa hiyo hauko mbali, na wenye kupenda tango lililochachuka nusu hutumia maji mepesi kama hayo. Shida ni mbili. Pale feri kuna mafuta ya boti na mambo mengine ambayo siyaandiki asubuhi hii watu wanakunywa chai. Ya pili, chumvi ya bahari siyo chumvi tupu. Sisi tunaingiza maji kwenye majaruba, jua linayakausha, chumvi inaganda chini, na juu yanabaki maji machungu, machungu kweli, ukionja unatema. Ile ni magnesi. Chumvi nzuri ni iliyochujwa uchungu huo. Ukichota bahari nzima umechota na uchungu wake.

Anayetaka chumvi ya mawe ya huku kwetu anaweza, ila aichemshe na maji, aiache itulie, achuje tope kwa kitambaa. Na apime kwa mizani, asipime kwa kijiko. Kijiko cha chumvi laini kinabeba zaidi ya kijiko cha mawe, kwa sababu kati ya mawe kuna hewa. Ya pakiti yenye madini joto nayo inafanya kazi, nimeona watu wanaiogopa bure.

Sasa dada, umeandika "nikakandamiza yasielee". Ulikandamiza na nini?

#14 JikoLaShangani (saa 5:30 asubuhi)

Samahani nilikuwa kwenye kifungua kinywa cha wageni.

Karatasi ilisema nijaze maji ya chumvi kwenye mfuko wa plastiki niuweke juu. Mifuko yenyewe tangu Juni 2019 marufuku, nikatafuta njia nyingine. Chupa ya kwanza niliweka kisahani cha kikombe cha kahawa, kikaingia vizuri. Ya pili kisahani kilikuwa hakuna, nikashuka pwani nikaokota jiwe. Jeupe, zuri, saizi ya ngumi, lina vitundu vitundu. Nilikuwa makini: nililisugua, nikalichemsha dakika ishirini.

#15 Bibi wa Mikindani (saa 5:34 asubuhi)

Lina vitundu.

#16 Mvuna Chumvi (saa 5:41 asubuhi)

Dada, umesema siku ya tisa povu bado linapanda. Lilikuwa linatokea wapi? Kwenye matango au kwenye jiwe?

#17 JikoLaShangani (saa 5:50 asubuhi)

Sasa unavyouliza… lilikuwa linatoka pembeni mwa jiwe. Vipovu vidogo vidogo vimejipanga kama ushanga. Nikawa nafurahi, nikajua matango yanafanya kazi.

#18 Mvuna Chumvi (saa 6:02 mchana)

Jiwe bado unalo? Lisuuze, likauke, kisha lidondoshee siki matone matatu. Sogeza sikio karibu. Tuletee mrejesho.

#19 JikoLaShangani (saa 7:15 mchana)

Wakuu.

Nimelidondoshea. Siki imegusa tu, jiwe likaanza kulia tssss kama soda iliyofunguliwa, povu jeupe likajaa kwenye vitundu, likashuka pembeni. Nimeita na dada wa usafi akaja kuona. Na kitu kingine: lile jiwe nilipoliokota lilikuwa na ncha kali upande mmoja, lilinikwaruza kiganja. Leo ncha haipo. Upande uliokuwa umelala kwenye matango umekuwa laini, na nikilipapasa linaacha unga mweupe mkononi.

Nini hii?

#20 Mvuna Chumvi (saa 7:22 mchana)

Tumbawe. Babu zetu walilichoma likawa chokaa, wakajengea nyumba. Hizo nyumba kuukuu za mawe pale Mikindani unazipita kila siku, ni hilo hilo. Wewe umelaza matango yako na kipande cha ukuta.

#21 Dokta Chachu (saa 7:40 mchana)

Kesi imekwisha, na mimi nilikuwa nimekazana na joto.

Fuateni hapa. Bakteria wanatengeneza asidi, matango yaanze kuwa makali. Tumbawe ni kalisi kaboneti, na asidi ikiligusa inaliyeyusha: asidi inaliwa, inatoka gesi ya kaboni dioksidi, ndiyo ule ushanga. Bakteria wakitengeneza nyingine, jiwe linaila nyingine. Wao wanachota, jiwe linamwaga. Ndiyo maana siku ya tano haikuwa na ukali wowote. Ukali haukuja, mlango ukabaki wazi kwa waozeshaji, na kwa joto lile hawakuhitaji kualikwa mara mbili.

Sasa niseme kwa sauti nzito kidogo. Mpaka wa usalama ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi). Chini ya hapo bakteria wa botulini hawawezi kukua na kutengeneza sumu yao. Tango lililochachuka sawasawa linashuka mpaka chini ya 4, halina neno. Chupa yenye jiwe la chokaa hatujui iliishia wapi. Usiionje kwa kujaribu, usikate kipande kizuri ukala, usiwape kuku. Mwaga.

#22 JikoLaShangani (saa 7:44 mchana)

Imeshamwagwa tangu jana, shimoni, mbali na kuku. Sikuonja baada ya siku ya tano, harufu yenyewe ilinifukuza.

#23 Dar Siyo Mbali (saa 8:30 mchana)

Ngojeni kidogo. Mbona nilishaona watu wanaloweka matango kwenye maji ya chokaa makusudi ili yawe magumu?

#24 Dokta Chachu (saa 8:52 mchana)

Ni kweli, na hapo ndipo watu wanapochanganya. Kalisi inakaza ngozi na nyama ya tango, lile tango linalolia kwenye meno. Lakini wanaloweka *kabla*, kwa saa kadhaa, kisha wanasuuza na kuloweka maji safi tena na tena mpaka chokaa yote itoke, ndipo wanaweka kwenye siki. Na ni chokaa maalumu ya chakula, siyo ya kupaka ukuta. Chokaa ikibaki ndani, yanatokea ya dada.

Njia rahisi kwa mtu wa nyumbani ni ukakasi. Poland wanaweka majani ya mcheri au ya mwaloni, sehemu nyingine majani ya mzabibu. Yote yana tanini, ndiyo ile inayokausha ulimi ukila bibo ambalo halijaiva. Tanini inawazuia vimeng'enya wanaolainisha. Huku weka majani mawili ya mpera au kijiko kidogo cha majani ya chai.

#25 Kusi (saa 9:05 alasiri)

Kwa hiyo wote tuliokua na ulimi mkavu wa mabibo tulikuwa tunahifadhiwa. Ndiyo maana hatuzeeki.

#26 Bibi wa Mikindani (saa 9:20 alasiri)

Wewe unazeeka, ni akili ndiyo haikui.

Mwanangu wa Shangani, usivunjike moyo. Maji ya mabibo tunayaacha usiku mmoja yanakuwa ulaka, nani alitufundisha? Mkono wa kuchachua tunao. Ungekuja kuniuliza kabla ya kuokota jiwe ningekwambia. Mimi nakandamizia sahani ya kaure, juu yake chupa ndogo ya kioo iliyojaa maji. Kioo na kaure havili wala havilewi. Na kila siku nafunua, natoa utando kwa kijiko.

#27 Mama Wawili (saa 10:15 jioni)

Shikamoo bibi, na nyote habari. Huo utando mweupe ni sumu? Wangu ulitokea kwenye pilipili za chumvi nikatupa zote.

#28 Dokta Chachu (saa 10:31 jioni)

Ukiwa mweupe, mwembamba, umelala bapa kama ngozi ya maziwa, ni hamira za hewani. Haudhuru ila unaharibu ladha, engua. Ukiwa na manyoya, au una kijani, nyeusi, waridi, huo ni ukungu, tupa vyote. Maji kuwa meupe ni kawaida. Matango kuteleza yenyewe, siyo kawaida.

#29 Fundi wa Chuno (saa 12:40 jioni)

Mimi mvivu. Hakuna njia ya siki ya haraka? Mke wangu anapenda zile za kwenye baga.

#30 JikoLaShangani (saa 1:10 usiku)

Ipo, hiyo naifanya kwa wageni tangu zamani. Siki nusu lita, maji nusu lita, chumvi vijiko viwili vikubwa, sukari kimoja, chemsha. Matango yakate ya duara, panga kwenye chupa na saumu na dili, mimina ya moto, yakipoa weka jokofuni. Kesho yake yanaliwa, siku ya tatu ndiyo yamekolea. Angalia lebo ya siki iwe na asidi asilimia 5, na usiongeze maji kuzidi siki. Hayachachuki haya, yanalowa tu. Ladha yake inagonga puani, ile ya kuchachua inakaa chini ya ulimi. Ukishazoea ile, hii unaiona kama soda iliyokaa wazi.

#31 Fundi wa Chuno (saa 1:12 usiku)

Puani panatosha. Asante dada.

#32 Kusi (2 Mei, saa 4:00 asubuhi)

Naamsha uzi. Dada wa Shangani, umetulaza njaa. Mrejesho?

#33 JikoLaShangani (2 Mei, saa 1:30 usiku)

Nilirudia Aprili, na kisahani. Ukali ulikuja vizuri, siku ya nne. Lakini siku hiyo hiyo nikapata msiba nyumbani, nikaondoka siku tatu, nikakuta yameshakuwa laini. Ladha safi, mwili hakuna. Nilisaga nikafanya mchuzi wa samaki wa kukaanga, wageni wakasifia bila kujua wanasifia nini. Nimeamua nasubiri kipupwe.

#34 Bibi wa Mikindani (saa 1:41 usiku)

Poleni na msiba. Ndivyo, subiri kusi ianze.

#35 JikoLaShangani (19 Julai, saa 2:05 usiku)

Wakuu, nimerudi.

Kusi imevuma wiki ya tatu sasa. Usiku huku pwani unajifunika shuka zito, na mchana kivulini pako poa. Nilimpigia Mkulima wa Ng'apa, akanitumia kwa basi matango kilo tano, madogo madogo, yana vichunusi kweli, umande ulikuwa bado haujakauka ndani ya kiroba. Bei sitaji, tulipatana kindugu.

Nilichofanya. Niliyaloweka maji baridi saa mbili, nikakata vitako vyote, mmoja mmoja, nimekaa kwenye kigoda natazama bahari. Chini ya chupa mwavuli wa dili, saumu zilizopondwa kidogo, pilipili kichaa moja, majani mawili ya mpera. Matango nikayasimamisha wima, yamebanana kama abiria wa daladala ya Mikindani jioni. Maji ya chumvi gramu 50 kwa lita, yamepoa. Juu mwavuli mwingine wa dili, kisahani, na kichupa cha jemu kilichojaa maji.

Halafu, ushauri ambao sikuupata hapa bali kwa mama yangu: chupa nimeiweka ndani ya beseni lenye maji kidogo, nikaivisha gunia lililolowa, pale kwenye ukumbi upepo unapopita. Mwezi wa tatu nilijaribu hivyo hivyo na maji ya kunywa, hayakupoa, hewa ilikuwa imelowa kuliko gunia. Julai upepo ni mkavu, gunia linakauka na kubeba joto. Nilikuwa nalimwagia asubuhi, mchana na jioni. Nimeazima kipimajoto, maji ya ndani yalikaa 23, siku moja tu yaligonga 25.

Siku ya tatu maji yameanza kuwa meupe. Siku ya sita nimeonja, katikati bado jeupe kama tango bichi, nje limechachuka. Mpolandi alishaniambia kwamba hata hivyo yanaliwa, kuna wanaoyapenda hayo ya katikati. Nikanyamaza. Siku ya kumi na mbili, yaani leo, nimelikata urefu: rangi moja mwanzo hadi mwisho, kama kioo chenye maji ya zeituni ndani. Nimeng'ata. Dada wa usafi alikuwa chumba cha pili, akauliza nimevunja nini.

Nimekula mawili na muhogo wa kuchemsha na samaki wa kukaanga, bila limao, halikuhitajika.

#36 Kusi (saa 2:09 usiku)

"Akauliza nimevunja nini." Umenimaliza. Nakuja Shangani kesho, kwa mguu.

#37 Mkulima wa Ng'apa (saa 2:20 usiku)

Vitako ulikata, nafurahi. Wiki ijayo nina mengine, ukitaka sema mapema, kuna hoteli imeanza kuulizia baada ya mtu kusoma uzi huu.

#38 Dokta Chachu (saa 2:33 usiku)

Siku kumi na mbili kwa nyuzi 23, kumechachuka sawasawa. Sasa hamishia jokofuni na maji yake, yabaki yamezama. Umeme ukikatika siku moja usipaniki, asidi ipo, yataendelea tu kuwa makali. Na hayo maji usimwage. Kikombe kimoja kwenye chupa ijayo kinaianzisha haraka.

#39 Bibi wa Mikindani (saa 2:50 usiku)

Mwanangu, hongera. Niletee mawili nionje na wali wa nazi, na mimi nitakupa chupa ya achari ya embe ya Desemba iliyobaki. Mkate kwa mkate.

#40 JikoLaShangani (saa 2:58 usiku)

Kesho jioni nakuja bibi, na dili nakuletea kwenye kopo, lina mbegu.

#41 Mvuna Chumvi (saa 3:15 usiku)

Na lile jiwe?

#42 JikoLaShangani (saa 3:17 usiku)

Linazuia mlango wa banda la kuku.